Udongo wa bonsai: kwa nini ardhi nono ya shambani huua mti wa chungu

Bonsai yangu ya kwanza, yaani mti unaofugwa uwe mdogo ndani ya chungu kifupi, ilikuwa mwerezi wa shibiri mbili, nami niliuua kwa udongo mzuri. Sitanii. Nilikuwa nimerudi kutoka Tukuyu na kiroba cha udongo mweusi, ule mwepesi ambao ukiufinya unabaki na alama za vidole, ambao migomba na viazi hustawi humo bila kubembelezwa. Nikaujaza kwenye chungu cha kina cha vidole vinne, nikapanda mti wangu, nikamwagilia kwa moyo mkunjufu. Ilikuwa Februari, na mvua ya Mbeya ikishakaza haiulizi ratiba ya mtu. Baada ya wiki kadhaa ncha za majani zikageuka kijivu, halafu hudhurungi. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi. Ukivuta mmoja, ganda linabaki mkononi na kwenye mti unabaki uzi. Harufu yake ilikuwa ya mtaro.

Bibi mmoja jirani, mzaliwa wa Rungwe aliyelima maisha yake yote, akaja kuutazama msiba. Akachota ule udongo, akaunusa, akauchambua kwa kidole gumba. "Mwanangu," akasema, "udongo huu hauna kosa."

Na kweli haukuwa nalo. Kosa lilikuwa kuutoa shambani na kuutia kwenye sahani. Karibu kila anayeanza bonsai huku Nyanda za Juu Kusini, awe Mbeya, Njombe au Iringa, huanzia pale nilipoanzia mimi: anatafuta udongo wenye rutuba. Rutuba ni swali la mwisho, na nitalifikia. Swali la kwanza ni kwamba maji yakishapita, kati ya punje na punje kunabaki nini?

Sakafu ya chungu

Shambani udongo hauna sakafu. Mvua ikinyesha Uyole, maji yaliyo juu huvutwa na udongo ulio chini yake, yakifika huko huvutwa tena na ulio chini zaidi, na njiani yanakuta vitobo vya minyoo, njia za mizizi iliyokwisha kuoza na nyufa zilizoachwa na kiangazi. Kwenye chungu safari hiyo inakatika ghafla. Maji yakifika chini hayana wa kuyavuta tena. Hata ukitoboa matundu makubwa kiasi gani, sehemu ya chini ya udongo hubaki imejaa maji pomoni, na maji hayo hayashuki mpaka mizizi iyanywe au jua liyakaushe. Mimi huyaita maji yaliyogoma.

Ukitaka kuyaona, chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili. Iloweshe mpaka ishibe, kisha ilaze kwenye kiganja bila kuikamua. Itadondosha maji, halafu itanyamaza. Sasa igeuze isimame kwa ubavu wake mrefu. Inaanza kudondosha tena. Ikinyamaza, isimamishe wima kwa ubavu mfupi, na maji mengine yatatoka. Hujaongeza tundu wala hujaikamua. Kilichobadilika ni kimo peke yake. Sponji iliyolala ndiyo iliyobeba maji mengi kuliko zote, na chungu cha bonsai ni sponji iliyolala.

Sababu yake anaijua kila aliyewahi kuwasha koroboi. Mafuta ya taa hupanda kwenye utambi kwa sababu nyuzi zake zimeacha njia nyembamba mno, na kimiminika hupenda kushikana na kuta za njia nyembamba kuliko kutii uzito wake. Udongo wa punje laini ni utambi. Kadiri vitundu vinavyokuwa vyembamba, ndivyo maji yaliyogoma yanavyosimama juu zaidi. Kimo hicho hutegemea ukubwa wa punje, wala hakijali chungu kina kina gani. Tuseme udongo fulani hushikilia maji kwa kimo cha sentimita 4. Ukiutia kwenye ndoo ya sentimita 20, mizizi inabakiwa na sentimita 16 za kupumulia. Utie udongo uleule kwenye chungu cha bonsai cha sentimita 5, na nafasi ya kupumua ni sentimita moja. Wengi hudhani chungu kifupi hukauka haraka, kwa hiyo kinahitaji udongo unaoshika maji sana. Ni kweli kwamba maji yake huisha mapema, kwa kuwa ni machache. Ila siku ya mvua, hicho ndicho kinachozamisha mti.

Maana mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni ili ifanye kazi ya kuvuta maji na chumvi za madini, na oksijeni husambaa ndani ya maji polepole kuliko hewani kwa takribani mara 10,000. Mzizi uliokaa majini siku nyingi hufa, kisha kuvu wa kuozesha huja kumalizia. Hapo ndipo mtego ulipo. Mti uliooza mizizi hauwezi kunywa, kwa hiyo majani hunyauka kama ya mti wenye kiu. Mwenye mti akiyaona anakimbilia kopo la maji. Nilifanya hivyo mara mbili kwa siku.

Hapa niingize neno kuhusu kokoto za chini ya chungu. Tumefundishwa hivyo na mama zetu, na wao na mama zao: weka kokoto chini, maji yapite. Hayapiti. Maji yaliyo kwenye udongo laini hayashuki kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa, ni kama vile utambi usivyodondosha mafuta ovyo ukiuning'iniza. Ulichofanya ni kuinua sakafu na kuwapunguzia mizizi nyumba. Kwenye ndoo ya mpapai haidhuru sana. Kwenye chungu cha sentimita 5 ni hasara tupu. Weka wavu juu ya tundu ili punje zisianguke, basi.

Maharage na ulezi

"Nitachanganya na mchanga," utasema. Nilisema hivyo pia.

Jaza kikombe maharage, yale ya njano yanayouzwa kwa debe Mwanjelwa. Kikombe kimejaa, lakini ukikitazama kwa karibu, kati ya harage na harage kuna uwazi. Sasa chukua robo kikombe cha ulezi, umimine juu huku ukigonga gonga. Ulezi unaingia karibu wote, na kikombe kinabaki kilekile. Robo kikombe kimekwenda wapi? Kimeingia kwenye uwazi, kule ambako hewa ilikuwa inakaa.

Mchanga wa kujengea ukiuchanganya na udongo hufanya hivyohivyo. Punje kubwa zipo, ndogo zipo, na vumbi lipo la kuziba palipobaki. Fundi ujenzi anautaka mchanganyiko wa aina hiyo, maana zege zuri ni lile lisilo na nafasi ndani. Mtu wa bonsai anataka kinyume chake: punje zinazolingana, zinazogusana kwenye ncha na kuacha mianya mikubwa. Kwa miti mingi ukubwa unaofaa ni milimita 2 hadi 6. Kwa miti midogo kabisa ya kukaa kiganjani unaweza kushuka kidogo, na kwa mti mkubwa ulio kwenye chungu kirefu unaweza kupanda hadi 8 au zaidi.

Ndiyo maana naweza kusema, na sijutii, kwamba chekeche ni muhimu kuliko chochote utakachokipitisha ndani yake. Mchanganyiko wa kifahari uliojaa vumbi utashindwa na tofali bovu lililochekechwa vizuri.

Ila ulinganifu peke yake hautoshi. Kokoto zilizochekechwa zitakupa hewa tele, na mti utakauka kabla ya saa nane mchana. Tunahitaji punje ambayo yenyewe ndani yake ina vitundu: maji yakae ndani ya punje, hewa ikae nje, kati ya punje na punje. Kila chembe iwe mtungi mdogo. Hapo ndipo Wajapani walipobahatika, na sisi tumebahatika vilevile bila kujua.

Walichochimba Wajapani

Ukisoma chochote kuhusu bonsai utakutana na neno akadama. Maana yake ni kitu kama vidonge vyekundu. Ni punje za udongo wa mfinyanzi uliotokana na majivu ya volkano, zinazochimbwa katika uwanda wa Kanto, upande wa Tokyo. Ipo na kanuma, ya manjano, laini, yenye uchachu, inayopendwa kwa azalea, kichaka cha maua. Hiyo imepewa jina la mji wa Kanuma na chanzo chake ni mlipuko wa kale wa Mlima Akagi. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923, baadhi ya watunza bonsai wa Tokyo walihamia Omiya, na mwaka 1925 kijiji chao cha bonsai kikaanzishwa huko. Walitafuta nafasi, maji safi na udongo unaofaa. Kwa maneno mengine, walitumia kilichokuwa chini ya miguu yao. Sisi tulio mbali ndio tuliogeuza akadama kuwa dawa ya miujiza inayoagizwa kwa meli.

Tena akadama ina udhaifu wake. Baada ya miaka miwili, mitatu, hupondeka na kurudi kuwa tope. Japani hilo halina shida, kwa sababu wanabadilisha udongo kwa ratiba na punje mpya zinauzwa duka la jirani. Kwa mtu wa Mafinga ni jambo jingine.

Sasa tazama ramani yetu. Rungwe, mlima wa mita 2,960 hivi, ni volkano. Ngozi, ambako watu hupanda kutazama ziwa, ni shimo la volkano. Kiejo ulimwaga zaha karibu mwaka 1800, ambayo kwa umri wa milima ni jana jioni. Yapata miaka 4,000 iliyopita Rungwe ililipuka kwa nguvu na kumwaga mawe mepesi juu ya eneo kubwa. Ukipita njia ya kupanda Kitulo kutokea Isyonje, angalia kingo zilizokatwa wakati wa kutengeneza barabara: chini ya udongo mweusi utaona matabaka ya punje za kijivu na za manjano, zimepangana kama keki. Hizo ni pumisi, ndugu wa lile jiwe la kusugulia visigino. Zilikuwa povu la mwamba ulioyeyuka, likaganda hewani kabla ya kutoa gesi yake yote. Tupia kipande kwenye beseni, kinaelea.

Haya ndiyo mawe ninayoyatumia kuliko kitu kingine. Ila chagua. Pumisi iliyokaa karibu na uso wa ardhi kwa maelfu ya miaka ya mvua, nyingine imeshaoza. Chukua punje, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada, uisugue. Ikisagika kuwa unga wa manjano unaoteleza, iache hapo hapo. Ikikukwaruza, beba. Omba ruhusa ya mwenye shamba, usichimbe kingo za barabara maana zitaporomoka, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo usiokote hata punje moja.

Karibu na Tukuyu yapo pia mawe mekundu na meusi yenye matundu, mazito kuliko pumisi. Hayashiki maji mengi, lakini hayapondeki. Kidogo kinatosha.

Tanuru la jirani

Iringa ni habari nyingine. Kule mwamba ni matale, ndiyo hayo majabali makubwa yanayozunguka mji, Gangilonga likiwemo. Mchanga wake wa mtoni ni mzuri ukiuchekecha, lakini punje yake ni ngumu hadi ndani, haina mtungi. Watu wa Iringa na Njombe hazina yao iko kwenye tanuru la matofali.

Tofali la kuchoma ni udongo wa mfinyanzi ambao moto umeugeuza usiweze tena kurudi kuwa tope, huku ukiuachia vitundu vya kunyonya maji. Nenda palipobomolewa tanuru na uombe vipande vilivyovunjika. Kwa kawaida fundi anafurahi ukimpunguzia takataka. Lakini tanuru halipiki sawa. Matofali ya pembeni mara nyingi hubaki mabichi, na yale yaliyokaa mdomoni mwa moto huungua mpaka yakang'aa kama kioo. Mabichi yatageuka tope chunguni, na yaliyong'aa hayanywi maji. Unalolitaka ni la katikati. Gonga mawili: yaliyoiva hulia kama kengele, mabichi hulia kama mlango wa mbao. Usipoliamini sikio lako, loweka punje kwenye glasi ya maji usiku kucha, asubuhi uitikise. Maji yakibaki safi au na wekundu kidogo, umepata. Yakiwa kama chai ya maziwa, tupa.

Vipande navitia ndani ya salfeti, nailowesha, nafunga mdomo, kisha nagonga kwa nyundo juu ya sakafu. Ulowevu huo si urembo. Vumbi la tofali na la pumisi ni vumbi lenye silika, halifai mapafuni, kwa hiyo barakoa pia iwepo. Halafu chekeche mbili. Ya kwanza wavu wa matundu ya milimita 6: kinachobaki juu kinarudi kwenye nyundo. Ya pili wavu wa milimita 2: kinachopita chini si chetu tena. Ukikosa huo wa pili, wavu wa mbu wa dirishani utakutolea vumbi, ingawa utakuachia mchanga mchanga. Kilichobaki katikati nakiosha kwa maji mpaka yatoke safi. Usishangae ndoo nzima ikizaa nusu. Mimi mara ya kwanza nilidhani nimeibiwa.

Vilivyobaki ni viungo vya mchuzi. Chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia, zikioshwa majivu hushika maji na chumvi za mbolea vizuri na hazipondeki upesi. Pumba za mpunga kutoka mashine za Usangu au Kyela ni nzuri zikichomwa ziwe nyeusi bila kufikia majivu. Mbichi huoza ndani ya msimu na kushikana. Magome ya paini hupatikana bure au karibu bure kwenye viwanda vya mbao vya Mufindi, na yakirundikwa na kulowekwa miezi kadhaa mpaka yapoteze harufu ya utomvu, kisha yakakatwa kwa saizi ileile ya punje, hushika maji vizuri. Samadi usiweke chunguni hata kama imeoza vizuri. Itajaza uwazi, na tumetaabika sana kuupata huo uwazi. Vipande vya zege na lipu navyo achana navyo: vina chokaa, na mti unaopenda uchachu kama azalea utageuka manjano mbele ya macho yako.

Kupima badala ya kubahatisha

Watu huuliza nichanganye mangapi kwa mangapi kabla hawajajua wanatafuta nini. Kuna kipimo cha jikoni kinachojibu. Chukua chungu chenyewe utakachotumia, uzibe matundu yake kwa selotepu kutoka nje. Kijaze maji mpaka ukingoni, uyapime kwa jagi lenye alama. Tuseme ni mililita 1,000. Yamwage. Sasa jaza mchanganyiko wako, uliolowekwa tangu jana ili mitungi yake ya ndani iwe imeshiba, ugonge kidogo utulie. Mimina maji taratibu hadi yaonekane juu. Weka beseni chini, bandua selotepu, usiinamishe chungu, subiri mpaka tone la mwisho. Pima yaliyotoka. Yakiwa mililita 250, basi asilimia 25 ya chungu chako ni hewa siku ya mvua kubwa. Mimi nataka kati ya 20 na 30. Chini ya 10, mwerezi utakufa kama ule wangu. Juu ya 35, uwe mtu usiyesafiri.

Nilipoupima ule udongo wa Tukuyu miaka baadaye, kwa udadisi tu, beseni lililowa chini. Sikuwa na cha kupima.

Baada ya hapo uwiano unategemea unaishi wapi kuliko unafuga mti gani. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mji wa Iringa haufikii nusu ya hizo, na una upepo wa kiangazi unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Mtu wa Tukuyu akinisikiliza atatumia pumisi sehemu tatu na tofali au mawe mekundu sehemu moja, bila kitu chochote cha kuoza. Hapa Mbeya mjini, ambako mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, kisha miezi kama sita haionekani, natumia pumisi mbili, tofali moja, na chenga za mkaa nusu. Iringa ningebadilisha: tofali mbili, pumisi moja kama inapatikana, au mchanga mkubwa wa mto uliochekechwa, na magome ya paini moja.

Kisha ndipo utazame mti. Mierezi na misindano (ndiyo hiyo mipaini) inataka hewa zaidi, kwa hiyo ondoa magome na uongeze pumisi. Mkuyu husamehe karibu kila kitu, ndiyo maana namshauri kila anayeanza aanze nao. Bogenvilia inapenda kukauka kidogo kati ya maji na maji. Azalea iongezewe magome kwa ajili ya uchachu. Mipera na milimau, ikiwa unataka izae, inakunywa sana, nayo ipate punje ndogo ndogo kidogo na mkaa. Na kama wewe ni mtu wa kazi ya ofisini, unatoka saa moja asubuhi na kurudi usiku, ongeza kinachoshika maji hata kama kitabu kimekataa. Udongo bora ni ule unaoendana na mkono unaomwagilia.

Chakula kiko wapi?

Bibi jirani yangu alipoona chungu kipya alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, sasa huu mti utakula mawe?"

Hautakula mawe. Pumisi haina chakula chochote cha maana, wala tofali. Chakula unakileta wewe, kidogo kidogo na mara kwa mara, kwa sababu kila ukimwagilia kingine kinatoka na maji. Mbolea ya dukani inayoyeyuka, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila baada ya wiki mbili wakati mti unachipua, inatosha. Wajapani hutumia vidonge vya mashudu ya rapa, mmea wa mbegu za mafuta, vilivyochachushwa, wanaviweka juu ya udongo na kila maji yakipita yanachukua kidogo. Sisi tuna mashudu ya alizeti, na yanafanya kazi hiyohiyo. Yachachushe kwa maji wiki kadhaa kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na dirisha la chumbani, kisha finyanga vidonge uvikaushe. Vifunike kwa kikapu kidogo cha wavu. Kuku wangu walinifundisha hilo kwa asubuhi moja.

Ule udongo mweusi wa Tukuyu una jambo jingine ambalo chungu hukuzidishia. Udongo wa majivu ya volkano hushika fosforasi kwa nguvu, kiasi kwamba unaweza kuweka mbolea na mti usiipate. Shambani mizizi ina mahali pengi pa kutafuta. Chunguni haina pa kwenda.

Siku ya kubadilisha

Kwa hali yetu, Juni na Julai usiguse mizizi. Makete na Uporoto kuna asubuhi ambazo nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu. Subiri mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, vichipukizi vinapoanza kuvimba. Mikuyu isubiri joto zaidi. Udongo mpya uwe mkavu au na unyevu kidogo, usiwe umelowa, ili utiririke kati ya mizizi. Tumia kijiti cha mishikaki: kichomeke, kitikise, usikie punje zinavyoshuka, endelea hadi kijiti kisizame tena kirahisi. Usishindilie kwa kidole gumba. Funga mti kwa waya unaopita kwenye matundu ya chini, maana punje hazijashikana bado na mti ukiyumba mizizi mipya hukatika. Msindano mzee usiuvue udongo wote siku moja. Nusu mwaka huu, nusu baada ya mwaka au miwili, kwa sababu kuvu mweupe aliyezoea kukaa mizizini mwake ni mshirika wake, usimfukuze.

Halafu maji, mengi, mpaka yatoke chini yakiwa safi.

Udongo wa zamani siutupi. Naukausha juani kwenye bati, naupitisha tena kwenye ule wavu wa milimita 2, namwagia maji ya moto. Pumisi inayotoka humo inarudi chunguni, na baadhi ya punje nilizonazo zimeshapita kwenye miti mitatu. Vumbi linalobaki chini, pamoja na mizizi iliyokatwa, naenda kulimwaga kwenye tuta la chainizi la bibi, upande wa pili wa ua. Hapo, kwenye udongo usio na sakafu, halimdhuru mtu.